Fulana Si Sharti, Sitara Ndiyo Sharti



Tunakiri kosa: sisi walimu hapa kambini Dzaleka tumewakemea vijana waliokuja kuswali bila fulana ndani ya shati. Kwa dalili gani? Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Fulana hufunika kifua!

Tukienda Ijumaa Lilongwe twaona fulana mpya, kanzu nyepesi, na chini chupi tu. Wakisimama juani mapaja yanaonekana. Hao hatuwakemei, kwani kanzu zao ni ghali.

Kijana mwenye shati zito la mitumba na suruali pana amejisitiri. Asifukuzwe.

Wazazi, fulana ni nzuri, hunyonya jasho. Lakini kwanza mnunulieni mtoto saruni au suruali ya kuvaa ndani ya kanzu.

Wallaahu a'lam.