Nax Ni Jiji, Fiti. Lakini Timu ya Basket Ikikuja, Itakaa?

Maze wacha tuanze na kitu hauwezi bishana nayo. Desemba 1, 2021, Uhuru Kenyatta alitupea charter, Nakuru ikawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu wasee 570,674 hapa mjini. Hao si watu wa kuchezewa. Na bado ukitaka kuona basket ya ligi kuu na macho yako, mara nyingi unasimama stage ya Lanet, unapanda mathree ya Nairobi, unaenda kukaa Nyayo, halafu unarudi usiku ukihesabu vile fare imekula doh kuliko tikiti.

Ndio maana story ya michezo ikianza mtaani, lazima msee mmoja aulize: mbona tusiletewe timu? Si lazima iwe ya Premier League, hata Division One ni sawa.

Mimi naona hilo swali limekaa vibaya. Nax imeshawahi kuwa na timu, tena kali. Nakuru AllStars ndio walibeba ligi ya kwanza kabisa ya soka nchini, 1963, wakairudia 1969. Kupata timu haijawahi kutushinda. Kubaki nayo ndio noma.

Cheki Ulinzi Stars. Timu ya jeshi, na sisi wa Lanet kambi ya jeshi ni jirani, so tuliichukua kama yetu. Afraha ilikuwa home. Wakashinda ligi 2003, 2004, 2005, wakaongeza ya 2010. Leo home yao ni Ulinzi Sports Complex, Lang'ata. Hakuna mtu alitukosea hapo. Mwenye mali alijijengea uwanja, akahamisha mali yake. Wewe ungefanya nini tofauti? Lakini pia jiulize, fan wa Nakuru angesema nini na nani angemskia? Alikuwa anashangilia kitu hana karatasi yake.

Kwa basket mambo ni hayo hayo. Ulinzi Warriors ni wa jeshi. Equity ni benki. KPA ni bandari, na KPA ndio wanafaa kukufungua macho: wako Mombasa, wanacheza Makande, na hakuna mtu hulala akiogopa watahamia Nairobi, kwa sababu bandari hauwezi kuipakia kwa lori. Timu hukaa pale kazi ya mwenyewe inakaa. Hata Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kuingia Basketball Africa League, 2025, ilipaa hivyo baada ya Twende Sports kuingia na kuiendesha kama biashara. Kuna mtu alikubali kutoa pesa kabla ya kuona pesa.

Sasa tupige hesabu yetu ya mtaa, hii ni yangu, shika kalamu. Sema tikiti ni soo mbili na wamekuja watu 500, ambayo kwa Jumamosi moja ni kubwa. Hiyo ni 100,000. Mechi 10 za nyumbani, milioni moja. Inaskika poa. Sasa lipa wachezaji 12, kila mtu 30,000 kwa mwezi, pesa ya kodi, chakula na nauli tu. Hiyo ni 360,000 kila mwezi. Miezi minane, 2,880,000. Na hatujagusa kocha, marefa, viatu, maji, wala yule daktari wa kufunga kifundo cha mguu. Getini umeleta milioni moja, mishahara pekee inataka karibu tatu. Kwa hivyo msee akikuambia Nax ina watu wengi so timu itajilipa, mwambie akuonyeshe hiyo hesabu.

Lakini usiende bado, kwa sababu basket ina bei ambayo soka haina. Kiwanja chake ni mita 28 kwa 15. Wachezaji ni 12, ukiongeza kocha na dere, timu nzima inaingia kwa mathree ya watu 14. Na ukiangalia ramani, sisi tuko katikati. Nairobi iko upande mmoja, Eldoret na Kisumu upande ule mwingine. Timu ya Nakuru inaweza kutoka asubuhi, icheze, na ilale nyumbani bila kulipia hoteli. Lanet yenyewe iko kando ya barabara kuu, timu ya Nairobi inashuka hata kabla ya kuguswa na jam ya tao.

Kitu tunakosa ni paa. Niambie, ndani ya mji, hall ya basket ambayo raia anaingia na tikiti na kupata kiti iko wapi? Egerton iko Njoro, Kabarak iko huko kwake, na hizo ni za wanafunzi. Sisi wengine tunacheza kwa simiti. Mvua ya Aprili ikipiga saa kumi, game imeisha, na hakuna ligi itakupangia mechi kwa kiwanja inategemea mawingu. Afraha ilipata pesa ya Kenya Urban Support Programme inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, na si vibaya, lakini akili yote ilikuwa kwa soka na riadha. Hall ya viti 1,000 ingetumika pia na voliboli, ndondi, hata harusi na konsati siku hakuna mechi. Paa hulipa kodi yake hata timu ikiwa imefungwa.

Halafu mwenye timu. Hapa hatuhitaji kutafuta mbali, raga ishatuonyesha. Menengai Oilers wanacheza Kenya Cup wakiwa na jina la kampuni iliyo na kiwanda chake hapa hapa Nakuru. Ni ile story ya KPA kwa saizi yetu. Pesa ina anwani ya Nax.

Ila nisikudanganye, kampuni moja pia ni hatari. SoNy Sugar kutoka Awendo walikuwa mabingwa wa soka 2006. Kufika 2019 pesa ilikuwa imeisha, wakakosa mechi tatu, ligi ikawatoa. Mji mdogo, taji kubwa, halafu hakuna. Ndio ningependa wadhamini watano wadogo kuliko mmoja mkubwa: sacco ya mathree, hoteli, duka la hardware, mtu wa maziwa, na mafans wenyewe wakiwa wanachama wa kulipa. Na usiniambie watu wa hapa hawawezi kujipanga. Marehemu Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alikuwa anatumia Twitter kuita kijiji kizima wakati mwizi ameingia kwa mtu, dunia nzima ikakuja kushangaa. Kuita watu 500 kwa game ya Jumamosi ni ngumu kuliko hiyo?

Na hii si story ya burudani pekee. Kwa basket ya Kenya, jezi ya jeshi, benki ama bandari mara nyingi inakuja na kazi. Kijana mrefu wa Lanet akipata hiyo kazi anaenda kuilipia kodi Nairobi, na hakuna mtu anaweza kumlaumu.

So mimi sitaki timu iletwe. Nataka ianze chini, Division One, na wachezaji wa hapa, jina la hapa, chini ya paa. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla ya hapo lazima waite raia watoe maoni kuhusu bajeti. Siku hiyo mkutano huwa umejaa wazee na watu wa barabara na mitaro, sisi tuko kwa simu. Mwaka huu ingia, inua mkono, uliza hall iko ukurasa gani.