Kona ya Mwalimu: "Be comfortable" si "pole"



Juma lililopita hamkuniona katika ukurasa huu. Nilikuwa kwenye kilio hapa kartie, na huko ndiko nilikopata somo la leo. Wengine mlikuwepo, mliona kile kikaratasi kikizunguka toka mkono hadi mkono. Kwa wale ambao hawakuwepo, naeleza.

Mama mmoja wa kikundi chetu alifiwa na bwana yake. Siku ya tatu akaja yule mama Mchina wa duka la masufuria, ambaye watoto wanamwita Mama Chinois. Alishika bahasha nyeupe kwa mikono miwili, akampa mfiwa, akainamisha kichwa, akatoka. Ndani mlikuwa na feza na kikaratasi chenye mistari mitatu ya Kiingereza. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye anamaliza sekondari mwaka huu, akakisoma kwa sauti, kisha akatafsiri: "Uwe na starehe. Huu ni msaada mdogo wa kukuondolea mzigo. Zuia huzuni yako."

Lupango lote likanyamaza.

"Starehe gani?" shangazi mmoja akauliza. "Ameona tumekalia sofa hapa?" Mwingine akasema: "Msaada! Sisi tumekuwa wakimbizi?" Bahasha ikawekwa pembeni ya mkeka, hakuna aliyetaka kuigusa. Wakasema irudishwe dukani kesho asubuhi. Ndipo mtu akakumbuka: "Madame, si wewe unamfundishaka yule mama? Soma mwenyewe."

Nikasoma, nikaona haya. Maneno yale niliyajua. Yalitoka kwenye daftari nililomwandikia kwa mkono wangu.

Yule mama anavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Ndola na Kitwe kwa biashara, na kule Zambia Kifaransa hakimfai, wala Kiswahili chake cha soko. Kwa hiyo jioni mbili kila juma namfundisha Kiingereza. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikamwandikia upande huu wa ukurasa: comfort, console, soothe, relieve, upande ule neno moja la Kichina, "anwei". Chini yake nikaandika help, aid, assist. Upande ule "bangzhu". Katikati nikaweka alama ya sawasawa. Dakika kumi, somo limekwisha, nikaenda kupika bukari. Na mimi nilipata diploma ya pedagojia kwa kuandika kurasa nyingi kwamba hakuna maneno mawili yaliyo sawasawa kabisa!

Basi tukifuate kile kikaratasi mstari kwa mstari. Mkiwa na watoto wanaosoma Kiingereza, wakae karibu.

Mstari wa kwanza ulisema "Please be comfortable". Neno comfort lina mzizi wa Kilatini, fortis, maana yake mwenye nguvu. Lilipitia Kifaransa cha zamani likafika Uingereza, na kule mwanzoni lilimaanisha kumtia mtu nguvu. Sheria ya uhaini ya Uingereza ya mwaka 1351, chini ya mfalme Edward III, inakataza kuwapa maadui wa mfalme "aid and comfort", na Wamarekani wakayachukua maneno hayohayo katika katiba yao ya 1787. Hapo hakuna anayemfuta adui machozi. Anamtia nguvu, anamficha, anamlisha.

Baadaye neno likajenga vyumba viwili. Katika kimoja kuna faraja ya moyo: mama anamkumbatia mtoto aliyeota ndoto mbaya, huyo anam-comfort. Katika kingine kuna raha ya mwili: kiti laini, viatu visivyobana. Comfortable alihamia chumba cha pili na mizigo yake yote. Ukimwambia mfiwa "be comfortable" umemwambia akae vizuri kwenye kiti. Sisi tuliosoma Kifaransa tuna bahati, maana Mfaransa ametenganisha réconfort na confort. Mchina naye ametenganisha: "anwei" ni ya moyo, "shufu" ni ya mwili, na kwa lugha yake mwenyewe hawezi kukosea. Mwenye kuchanganya ni Mwingereza, na mimi sikumwonyesha mwanafunzi wangu ukuta ulipo.

Neno hili nisiliache bila kusema jambo moja linalotuhusu sisi wanawake. Mpaka 1945 jeshi la Japani liliwafungia wasichana na wanawake wa Korea, Uchina na nchi nyingine katika nyumba za askari, wakabakwa kila siku, na jeshi likawaita "wanawake wa faraja". Kwa Kiingereza ni comfort women. Kwa Kichina ni silabi zilezile za "anwei" zilizogeuzwa, "wei'an", zikaongezwa neno la mwanamke. Miaka mingi walionusurika walikaa kimya, mpaka Agosti 1991, bibi mmoja wa Korea Kusini, Kim Hak-sun, alipojitokeza mbele ya watu kwa jina lake na uso wake akaeleza aliyotendewa. Nilipomtajia mwanafunzi wangu maneno hayo ya Kiingereza, alifunga daftari kidogo, akanywa maji, kisha akalifungua tena. Hapa Kongo sina haja ya kuwaeleza kwa nini neno zuri laweza kufunika jambo baya.

Tuendelee. Console ni ndugu wa comfort, lakini yeye anangoja hasara au kuvunjika moyo: kifo, mtihani ulioshindikana, mechi iliyopotea. Ukiwa mgonjwa wa malaria mtu atakuja kukufariji, yaani comfort. Hatakuja ku-console, kwa sababu hujapoteza kitu. Na mtoto azingatie sauti: kitendo kinabanwa mwisho, con-SOLE. Ukibana mwanzo, CON-sole, umetaja mashine ya michezo ya video.

Soothe ni kutuliza. Linapenda vitu vinavyochoma au kulia: kitoto kichanga, koo linalowasha, ngozi iliyoungua kwa mafuta ya kukaangia. Ile th ya mwisho ni ile dh ya "dhambi", ambayo Mchina hana katika lugha yake. Tusimcheke, maana nasi hapa tunasema "zambi".

Sasa mstari wa pili: "This is a small aid to relieve you." Huu ndio uliomkasirisha shangazi zaidi, nami namwelewa.

Help ni neno la jikoni na la njiani. Assist ni help aliyevaa koti: utamkuta kwenye barua, hospitalini, katika ofisi. Aid, likiwa jina, ni msaada unaotoka juu au mbali: nchi inaipa nchi, shirika linapeleka unga kambini. Linaishi pia katika maneno yaliyoshikamana, kama first aid, yaani huduma ya kwanza kwa aliyeumia, au hearing aid, kile kifaa cha mzee asiyesikia vizuri. Jirani hampi jirani aid. Jirani anakusaidia tu, basi. Cha ajabu ni kwamba Mchina anayo tofauti hiyo pia. "Bangzhu" ni kusaidia kwa kawaida, "yuanzhu" ni ule wa mataifa. Kama ningemwandikia aid mbele ya "yuanzhu", asingeliweka kamwe katika bahasha ya kilio.

Halafu kuna hatari nyingine ambayo tulikaribia kuangukia. Kichina hakibadilishi jina likiwa moja au mengi. Mwanafunzi akishajua kwamba Kiingereza kinaongeza s, anaiongeza kila mahali kwa bidii. Aid, kwa maana ya msaada, haihesabiwi, haina wingi. Wiki moja kabla ya kilio alikuwa ameandika barua kwa mteja wake wa Kitwe akimshukuru "for your many AIDS", kwa herufi kubwa, kwa sababu kwake herufi kubwa ni heshima. Wamama, hiyo ndiyo SIDA kwa Kiingereza. Nilimpokonya kalamu.

Na hata help ina mitego yake. Wachina wengi husema "help my homework", maana kwao wanaweza kusaidia kazi yenyewe. Kiingereza kinataka umsaidie mtu kwanza, kisha kazi ifuate: help me with my homework. Au wanasema "help me a favour", kwa sababu "bangmang", neno lao la kumfanyia mtu hisani, hukatwa katikati na kuwekewa maneno mengine ndani, kama mkate unavyowekwa samaki. Waingereza husema do me a favour, na help haionekani kabisa.

Relieve ni kupunguza uzito au maumivu. Dawa ina-relieve maumivu ya kichwa. Mlinzi wa usiku akiletewa mwenzake asubuhi, huyo wa asubuhi anam-relieve, anachukua zamu. Lakini ukim-relieve mtu of kitu, umemwondolea, na Waingereza kwa utani wanasema mwizi alini-relieve of my purse. Kwa hiyo kumwandikia mjane "to relieve you", bila kusema unapunguza nini, ni neno linaloning'inia hewani, kama vile unataka kumpokea zamu ya ujane.

Je, mwenyewe alitaka kusema nini? Nilipomuuliza, alisema kwa Kichina "weiwenjin". "Weiwen" ni kwenda kumwona mwenye shida, kumuuliza hali na kumfariji. "Jin" ni feza. Kwa ufupi ni feza zinazoandamana na miguu. Kwetu huo ni mchango wa kilio, ambao kila mmoja wenu ameutoa na kuupokea. Na bahasha nyeupe ni desturi yao ya msiba. Nyekundu ni ya harusi na mwaka mpya. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa kwa mikono yake. Maneno yangu ndiyo yaliyomharibia.

Mstari wa tatu, "Restrain your grief", haukutoka kwangu. Aliutafsiri mwenyewe kutoka maneno manne ambayo kila Mchina huyasema msibani: "jie'ai shunbian", yaani uzuie majonzi, uyafuate mabadiliko. Kwa Kichina ni upole mtupu. Maana yake ni: wewe uliyebaki, usijiue kwa kulia, tunakuhitaji bado. Nasi si tunamwambia mfiwa ajikaze? Lakini kwa Kiingereza sauti yake ni ya polisi. Mwingereza haamuru huzuni ya mtu. Husema "I'm sorry for your loss", au huandika "my condolences", neno ambalo kwa kazi hii hubaki katika wingi siku zote.

Nilipomfundisha hilo, akashangaa. "Sorry?" Kwake sorry ni "duibuqi", ni kuomba msamaha. "Mimi nimemwua?" Na loss ni ile hasara anayoiandika kila jioni kwenye kitabu cha duka. Ikabidi tuanze upya: sorry lina kazi mbili, kuungama kosa na kushiriki uchungu, na mtu hujua ni ipi kwa kutazama nani ameumia.

Hapo ndipo yeye akanifundisha. Aliniambia wana neno "xinku le". Mtu akirudi kazini, akitoka safari, akibeba mzigo, unamwambia "xinku le". Kamusi zinatafsiri "umefanya kazi ngumu", na Kiingereza hakina neno lake. Nikacheka peke yangu. Hiyo ni pole na kazi! Pole na safari! Mimi na yeye jioni zote hizo tulikuwa tunahangaika kwenye daraja la Kiingereza, na kumbe ng'ambo zote mbili kulikuwa na neno lilelile.

Kule kwenye kilio, niliwaeleza wamama haya kwa kifupi, nusu saa hivi, nikasema wazi kwamba kosa ni langu. Mfiwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua bahasha kutoka pembeni ya mkeka, akaiweka ndani ya kikwembe chake. Shangazi akasema: "Sawa. Lakini mwambie asiandike tena. Aje akae."

Kesho yake alikuja. Hakuleta karatasi. Alivua viatu mlangoni, akasema "Pole, mama", akakaa mkekani katikati yetu karibu masaa mawili, bila kusema lingine, akichambua sombe vibaya kabisa.

Lile ukurasa wa daftari tumelichana. Sasa kila neno analiandika pamoja na mtu, mahali na shida: nani anasema, kwa nani, nini kimetokea. Inachukua jioni nzima kwa maneno matatu. Mama aliyeuliza kuhusu borrow na lend kwa sababu ya ugomvi wa likelemba, nimekusikia. Ni juma lijalo.