MIFUGO YETU: Ukuta wa Tumbo

Mwezi huu twataka kusema habari za ukuta wa tumbo la mnyama, maana asiyeujua aweza kumwua mbuzi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Nendeni kwa mwuza nyama Kariakoo, mtazame nyama nyembamba itokayo ubavuni, baina ya mbavu na paja. Mtaona ya kuwa si nyama moja, bali ni tabaka tatu zilizolaliana. Nyuzi za tabaka ya nje zatoka mbavuni, zashuka kwenda nyuma. Za pili zatoka nyongani, zashuka kwenda mbele. Za tatu, iliyo ya ndani, zashuka wima. Zapishana kama miyaa ya mkeka, na hiyo ndiyo nguvu yake. Msuli wa nne umelala chini, toka kidarini mpaka kinenani. Misuli ya kuume na ya kushoto hukutana katika mstari mweupe wa kano, na kitovu kimo katika mstari huo.

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914 hata 1918. Misuli hii nayo ni wapagazi. Tumbo kubwa la ng'ombe mzima huchukua lita 100 na kupita. Kwa hiyo juu ya misuli yake pana utando wa manjano, uvutikao kama mpira, usaidiao kuuchukua mzigo huo usiku na mchana.

Lakini kitovu cha ndama au cha mwana-mbuzi kisipofungika vema, tundu hubaki, na utumbo hutokeza chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri. Wengine husema, "Ni jipu," wakashika wembe. La, hasha! Wembe huo waweza kukata utumbo, na mnyama akafa.

Mlaze chali, ubonyeze polepole. Uvimbe ukirudi ndani, na kidole kikasikia ukingo wa tundu, ni ngiri. Usiporudi, usidhani umepata ruhusa ya kukata, maana huenda utumbo umenaswa. Mwite daktari wa mifugo. Na mnyama akikataa kula, mwite siku ile ile. Tena mnyama wa namna hii asiwekwe kuwa mbegu, kwa kuwa kasoro hiyo yaweza kurithiwa na watoto wake.

Basi, tuanze kwa kidole, wembe tumwachie ajuaye.