Sistimu Haijakataa, Ni Bosi Amekataa

Wasee, kuna sentensi moja imenichosha: "Sistimu imekataa." Umeenda kuulizia mshahara, sistimu imekataa. Umeomba kazi ukanyamaziwa, eti sistimu ilikuchuja. Umefika getini saa kumi na mbili asubuhi, kidole hakisomeki, sistimu haikujui, rudi nyumbani. Leo tuizike hiyo sentensi. Hakuna kompyuta Kenya hii iliyoamka siku moja ikaamua kumnyima mtu kazi. Watu ndio hunyima watu kazi, halafu wanajificha nyuma ya skrini.

Kabla mseme nachukia teknolojia, tulieni. Simu ndiyo inanilisha. Na najua kilichokuwepo kabla: nyapara na daftari lake. Akikupenda umeandikwa, mkikosana siku zako mbili zimepotea na huna pa kulalamika. Leo kibarua akilipwa kwa M-Pesa, ana ujumbe kwa simu yake, tarehe na kiasi. Huo ni ushahidi. Mwalimu anaona hati yake ya mshahara mtandaoni bila kupanda matatu kwenda kubembeleza mtu ofisini. Hapo sibishi.

Ubishi wangu ni huu: mabosi wengi wanapima kazi ya HR kwa kasi peke yake. Foleni getini imeisha haraka, orodha ya mishahara imetoka haraka, basi HR imefanya vizuri. Hakuna anayeuliza kama hiyo orodha ni ya kweli, ama kama aliyeachwa nje aliachwa kwa haki.

Mnakumbuka 2014? Serikali iliwasajili watumishi wa umma kwa alama za vidole ili kuwatoa wafanyakazi hewa. Na wakati huo mishahara ilikuwa tayari kwenye kompyuta, kwenye ile sistimu ya IPPD. Sasa jiulize, mfanyakazi hewa aliingiaje kwenye kompyuta? Hana vidole, hana macho. Kuna mtu mwenye nywila aliyeketi chini akamwandika. Halafu Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ikatangaza kuwa imepata visa zaidi ya 2,000 vya vyeti feki kwenye taasisi za umma. Hao wote walikuwa wamepita mlango wa HR wakaajiriwa. Kumbe sistimu ikiletewa cheti feki na mtu mwenye nywila, haikatai.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nazijua zile fomu za mtandaoni ambazo usipojaza digrii hazikuruhusu kwenda ukurasa wa pili. Daktari awe na digrii, sawa kabisa. Lakini ukiona digrii inadaiwa kwa kazi ya kupokea mizigo na kuhesabu magunia, jua si kompyuta iliyoweka hilo sharti. Ni mtu hakutaka kusoma maombi mengi.

Sasa njoo huku kwetu Mau Narok. Huku ni waru, karoti, njegere, ngano. Mtu amechimba waru tangu akiwa mdogo, ameosha karoti kwa maji baridi mpaka mikono imekufa ganzi. Vidole vyake vimelika, ile mistari imefifia. Na mashine inasoma mistari. Huyo mtu akipata kazi mahali penye mashine getini, atabonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na foleni nyuma yake inanung'unika. Mwenye mikono laini ya ofisini anapita mara moja. Yaani kadiri umefanya kazi ngumu maishani, ndivyo mashine ya kuhesabu wafanyakazi inakukana. Na siku ikikukana, hiyo siku hailipwi.

Bosi atasema mashine inazuia watu kupigiana saa. Ni kweli, huo wizi upo, na sisemi aitoe. Nasema aweke njia ya pili. Kwenye uchaguzi tunayo. Sheria ya Kenya inataka kuwe na njia mbadala ya kumtambua mpiga kura. Kidole kikikataa kwenye KIEMS, karani anakutafuta kwa nambari ya kitambulisho. Na 2022 mashine zilipogoma sehemu fulani za Kakamega na Makueni, daftari la karatasi lilitumika. Kama tunamlinda mtu siku ya kura, mara moja kwa miaka mitano, nini kinatushinda kumlinda siku ya kazi?

Na sheria haijanyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla mwajiri akufute kwa utovu wa nidhamu ama kazi mbovu, lazima akueleze sababu kwa lugha unayoelewa, mwenzako akiwepo, na akusikize. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35: una haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake kwenye jambo linalokugusa sana, na unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. "Sistimu imekataa" si sababu, na haitoshi kukufuta.

Ujanja huu hauko kwa mashamba tu. Wale vijana waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook pale Nairobi, walipopoteza kazi 2023 wakaenda kortini. Meta ikasema si mwajiri wao, na kwamba korti za Kenya haziwezi kuisikiza kesi dhidi yake. Yaani kazi ni yangu, mfanyakazi si wangu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa hiyo hadithi: kesi inaweza kusikizwa hapa.

Kwa hivyo madai yangu ni matatu. Moja, kila penye mashine kuwe na njia ya pili, na siku ya mtu isikatwe kwa sababu ya kidole. Mbili, kila uamuzi uwe na jina la mtu aliyeufanya. Tatu, mfanyakazi aone rekodi yake mwenyewe, saa alizofanya na pesa alizokatwa.

Na wewe usingoje wakuonee huruma. Weka ujumbe wote wa M-Pesa. Kidole kikikataa, andika tarehe na saa, na mwenye foleni nyuma yako awe shahidi. Wakikuambia sistimu imekataa, uliza kwa heshima: "Nani ameiweka hivyo, na anaweza kuniandikia?"

Mtumie msee anayeanza kazi Jumatatu.