Msinipe Moyo na Lord Kames

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Tangu hapo kila mtu ana mfano wa kunipa. Wengi hunitajia matajiri wa kompyuta. Waliosoma zaidi hunitajia Henry Home, maarufu kama Lord Kames, jaji wa Uskoti aliyezaliwa 1696. Ati, "Huyo hata chuo kikuu hakukanyaga!"

Ni kweli, hakukanyaga. Na mwaka 1752 alikuwa jaji wa mahakama kuu ya kesi za madai. Aliandika kuhusu sheria, falsafa na hata kilimo, akamshika mkono Adam Smith akiwa bado kijana. Mwaka 1778 alikuwa miongoni mwa majaji waliokubali kwamba Joseph Knight, Mwafrika aliyeletwa Uskoti kutoka Jamaica, hakuwa mtumwa wa mtu. Kichwa alikuwa nacho, sibishi.

Lakini malizeni hadithi, bana. Babake alikuwa na shamba, hata kama madeni yalimkaba. Mwalimu alimfuata nyumbani. Mwaka 1712 akaingizwa kwa wakili Edinburgh kujifunza kazi. Mtoto wa kibarua wa babake pia hakwenda chuo kikuu. Mbona huyo hamnitajii?

Kisha 1766 mkewe, Agatha Drummond, akarithi Blair Drummond, karibu na Stirling. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa kinamasi, majani yaliyooza yakiwa yamerundikana juu ya udongo mzuri wa kulima. Kames akaamua tabaka hilo likatwe vipande, litupwe kwenye mitaro, maji yalibebe hadi mto Forth. Wazo zuri. Waliokata ni nani? Ni wapangaji maskini, kila mmoja na kipande chake, wakichimba mwaka baada ya mwaka kabla ya kuona shamba la maana. Sifa za kukausha kinamasi alipewa mwenye ardhi. Majembe yalikuwa ya wengine.

Hicho ndicho mnachokificha mkisema "alifanikiwa bila digrii." Digrii hakuwa nayo, ila kila kitu ambacho digrii hutafutiwa kilikuwa tayari kinamngoja.

Kwa hivyo ukitaka kunipa moyo, nipe kwanza mwalimu wa nyumbani, ofisi ya kujifunzia kazi, na shamba la wakwe. Huna? Basi niulize karo imebaki ngapi.