Maji Hayaui Peke Yake

Wako wasemao kwamba tsunami ni ajali ya Mungu, wala haituhusu sisi wa Soweto Magharibi, Kibera, tulio mbali na bahari. Msomaji, usikubali neno hilo.

Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra. Maji yakainuka, yakaua watu zaidi ya 220,000. Huko muda wa kukimbia ulikuwa dakika chache. Lakini mawimbi yalichukua saa saba na zaidi kufika Afrika Mashariki. Mombasa habari iliyatangulia, watu wakaondolewa ufukoni. Kenya alikufa mtu mmoja. Hafun, Somalia, mawimbi yalipiga kwa nguvu zaidi, wala hapakuwa na onyo. Nchi hiyo ilipoteza watu wapatao 300.

Mwaka 2024 mvua kubwa ya masika ilikuwa imetabiriwa, na bado mafuriko yalibomoa nyumba Kibera na Mathare na kuua watu. Kumbe onyo pekee halitoshi. Aambiwaye "hama" atauliza, "Niende wapi?" Tudai mifereji izibuliwe na makao salama yatayarishwe kabla ya mawingu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.