Kihesa: Ramani Isifungiwe Ndani ya Kompyuta!

Ndugu msomaji wa Kihesa, jiulize swali moja tu: ramani inayoamua barabara ipite wapi na nyumba ya nani ivunjwe, wewe umeiona lini?

Zamani ramani ilikuwa karatasi kubwa kwenye kabati la bwana ardhi. Leo imo ndani ya kompyuta. Setilaiti inapiga picha ya paa lako, programu inachora mstari, na mstari huo ukipita chumbani kwako hutasikia kitu. Utajua siku utakapokuta X nyekundu ukutani, kama walivyoikuta watu wa Kimara, Dar es Salaam, kabla ya bomoabomoa ya mwaka 2017.

Wakubwa watasema tunapinga maendeleo. Uongo mtupu! Mwaka 2014, hapa hapa Wilaya ya Iringa, katika kijiji cha Ilalasimba, mashamba yalipimwa kwa simu za mkononi kwa mradi uliofadhiliwa na Marekani. Walioshika simu ni vijana wa kijiji. Mwenye shamba alitembea mpaka wake, majirani wakishuhudia. Ramani ikawekwa hadharani, mwenye pingamizi akasema, makosa yakasahihishwa, ndipo zikaja hati za kimila. Kompyuta ilikuwepo, na mwananchi alikuwepo!

Sasa kama mkulima wa Ilalasimba aliaminiwa kusoma ramani yake, mama muuza nyanya wa Kihesa ana kosa gani?

Mwaka 2022 ilipita Operesheni ya Anwani za Makazi. Nyumba za mijini na vijijini zikapewa namba na kuingizwa kwenye mfumo. Basi milango yetu wanaijua! Iweje wakitaka kutuhesabu watufikie, lakini wakitaka kuupanga mji watupoteze?

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe. Kushirikishwa si kuitwa kupiga makofi kazi ikiwa imekwisha.

Wananchi, tudai mambo matatu. Rasimu ya ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa. Mtaalamu aje kuieleza kwa Kiswahili, jioni, watu wakiwa wametoka kwenye shughuli zao. Na kila pingamizi lijibiwe kwa maandishi kabla muhuri haujagongwa.

Mkutano wa mtaa ni haki yako. Nenda, simama, uliza: ramani yetu iko wapi? Wakikujibu iko kwenye kompyuta, waambie waiwashe!